Sufuria ya Mtego

Uji wa tatu ulikuwa umeanza kushika chini, na Kijiko aliuacha ushike. Alisimama kando ya jiko, mwiko mkononi, akinusa kama mtu anayesubiri habari ya mgonjwa. Harufu ya moshi ilipopanda sawasawa, akatia chumvi kiganja kizima, akakoroga, akaonja kwa ncha ya mwiko. Haukuwa mbaya. Akakunja uso. Akaongeza chumvi nyingine, akauacha uungue zaidi, akaonja tena. Bado ulishuka vizuri tu, na tumbo likaupokea kwa mikono miwili.

"Ulimi wangu leo umelala," akajisemea, akatupia chumvi ya mwisho ili mradi kutimiza wajibu.

Mtu angepita dirishani angesema binti huyu ana kisa na mtu, anataka kumkomoa kwa uji. Lakini ilikuwa kazi ya shule. Hilo lilikuwa jiko la mafunzo la chuo kikuu, na Kijiko alikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya chakula na utamaduni wa chakula. Siku hiyo ilikuwa ya jaribio lake la mwisho. Asubuhi waonjaji waonje, alasiri asimame mbele ya kamati aeleze alichokipata, kisha Mungu akipenda avae joho.

Ukoo mzima ulicheka alipochaguliwa kusoma somo hilo. Mjomba mmoja aliuliza kama mtihani wenyewe ni wa kutafuna au wa kumeza. Mama yake mdogo, aliyemlea tangu alipofiwa na wazazi, hakucheka, ingawa naye alimuuliza kwa upole kama kweli mtu huenda chuo kikuu kusomea kula. Kijiko alimjibu kwamba hasomei kula. Anasomea kwa nini watu wanakula wanachokula, ni nani anayewaamulia, na kwa nini wengine hawali. Mama mdogo akafikiri kidogo, akasema hilo la mwisho angeweza kumfundisha hapo hapo nyumbani, bila ada.

Jina la Kijiko alipewa na wenzake darasani, kwa kuwa alitembea nacho mfukoni mwa sketi, tayari kuonja chochote kilichopikwa popote bila kuona haya. Akishaonja alisema ukweli, na hakuupaka asali. Kama umeweka ndimu nyingi alikuambia. Kama umepika kwa hasira alikuambia pia, na mara nyingi alipatia.

Jaribio lake lilikuwa na uzito kuliko majaribio ya wenzake, wala si kwa kupenda kwake. Kantini ya chuo ilikuwa imefungwa tangu muhula uanze. Bei ya unga ilipanda, ya mafuta ikaifuata, mwenye kantini akapunguza kwanza nyama, halafu mboga, halafu ukubwa wa sahani, mwishowe akapunguza kantini yenyewe: alifunga mlango akaondoka na meza zake. Sasa alikuwa amepatikana mzabuni mpya. Huyu hakuzungumzia wali wala maharage. Alikuja na unga wake wa kuchanganya, wenye picha ya mtoto mnene kwenye mfuko, akasema wanafunzi watakunywa uji wa unga huo asubuhi na jioni, na gharama yake itakatwa kwenye posho zao kabla hawajaishika. Kilichobaki ni neno la idara ya chakula tu, kwamba wanafunzi wameuonja na wameupenda. Idara ikampa kazi Kijiko.

Ndiyo maana ya sufuria tatu. Ya kwanza ilikuwa na uji wa kawaida ambao kila mtu anaujua. Ya pili, uji wa unga wa Mzabuni. Ya tatu ni ile wanayoiita wenyewe idarani sufuria ya mtego. Hiyo huharibiwa kwa makusudi, isimdhuru mtu ila imchukize. Muonjaji aliye sawasawa huikataa. Asipoikataa, basi hata alichosema juu ya zile nyingine hakina maana, ni sawa na kumuuliza rangi mtu aliyefumba macho.

Jiko la mafunzo lilikuwa na plate moja tu inayowaka, kwa hiyo Kijiko alipika sufuria moja baada ya nyingine, akazifunika kwa blanketi alilolitoa kitandani kwake ili zisipoe. Sukari aliipata kwa mtunza stoo, ambaye alimpimia nusu na kumtaka asaini kamili. Alipohoji, mtunza stoo alimwambia kwamba sukari siku hizi hupungua yenyewe njiani, hata kama njia ni ya kutoka kabatini mpaka mezani. Kijiko akasaini shingo upande. Siku hiyo alitaka kugombana na watu wachache iwezekanavyo.

Waonjaji walikuja mapema kuliko alivyowaambia, na hilo peke yake lingemshtua mtu yeyote anayewajua wanafunzi. Alipofungua mlango alikuta mstari umeshanyooka mpaka kwenye ngazi. Walikuwa wasafi, wamechana nywele, wanaongea kwa sauti ya chini kama watu waliokuja msibani. Hakuna aliyekuwa akisukumana.

Jana yake alikuwa amewaeleza masharti na kuwaahidi siri. Muonjaji anatakiwa awe amekula asubuhi hiyo, asiwe na njaa wala asiwe amevimbiwa. Kwa hiyo alisimama mlangoni akamuuliza kila mmoja kama amekula, na kila mmoja akajibu kwamba amekula na ameshiba. Mwanafunzi mmoja wa uhandisi, kijana mrefu mpaka jina lake lenyewe likawa Mrefu, alikuja na kijiti cha meno mdomoni, akikichezesha kutoka shavu hili kwenda lile.

"Umekula, Mrefu?"

"Dada, nimekula mpaka nimelegeza mkanda. Nimekuja kukusaidia wewe tu."

Kijiko akautazama mkanda. Ulikuwa na tundu jipya lililotobolewa kwa msumari, na tundu hilo halikuwa upande wa kulegeza. Akampisha aingie.

Utaratibu wenyewe haukuwa mgumu. Karatasi za kuchapisha zilikuwa ghali, basi Kijiko alikusanya vizibo vya soda. Kila sufuria iliwekewa makopo mawili nyuma ya pazia, moja la walioupenda uji, jingine la wasioupenda. Unapewa uji kidogo kwenye kikombe, unauzungusha mdomoni, unautema kwenye chombo cha plastiki, unasukutua kwa maji, unatema tena, unakwenda nyuma ya pazia kudondosha kizibo chako. Halafu unarudi kwa uji mwingine.

Wakaanza. Kijiko alisimama pembeni mikono nyuma, kama alivyofundishwa, asimwoneshe mtu kwa uso wake upi ni upi. Alisikia vizibo vikilia kwenye makopo. Alisikia watu wakimeza. Hakumsikia yeyote akitema. Alidhani ni haya, akawakumbusha kwa sauti kwamba vyombo vya kutemea ni hivyo mbele yao. Wakaitikia vizuri kabisa, wakaendelea kumeza.

Ulipofika uji wa tatu, ule ulioungua na kujaa chumvi, alijiandaa kuona nyuso zikikunjamana. Hakuna iliyokunjamana. Msichana mmoja mwembamba wa ualimu alifumba macho kabisa, akasema kwa sauti ndogo kwamba huu una ule moshi wa nyumbani. Mwingine akauliza kama ukibaki unagawiwa. Mrefu alikuwa amekitoa kile kijiti mdomoni, amekibana sikioni kama fundi anavyobana penseli, akapitisha kidole ndani ya kikombe kukifuta, kisha akakilamba kidole. Alipogundua kwamba Kijiko anamtazama, akacheka.

"Sitaki kukuachia vyombo vichafu," akasema.

Walipoondoka, Kijiko alivuta pazia. Makopo ya walioupenda yalikuwa yamejaa, yote matatu. Makopo ya wasioupenda yalikuwa matupu, yote matatu. Akaviendea vyombo vya kutemea akaviinamisha kimoja kimoja kwenye mwanga. Vilikuwa vikavu. Hata maji ya kusukutulia walikuwa wameyanywa. Sufuria ya mtego ilikuwa imekwanguliwa mpaka ule weusi wa chini umetoka, na alipojiuliza moyoni ni nani aliyeikwangua, akakumbuka watatu waliojitolea kumsaidia kutoa sufuria mezani.

Hapo ndipo alipoelewa asubuhi yake mwenyewe. Ulimi wake haukuwa umelala. Jana usiku alikuwa amekunywa chai kavu, na alfajiri aliondoka bila chochote kwa sababu kilichokuwapo kilikuwa cha mama mdogo kwenda nacho kazini. Aliiandaa sufuria ya mtego akiwa na njaa, akaionja kwa njaa, akaiona nzuri. Mtego ulimnasa mtegaji kwanza.

Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Daktari, mhadhiri aliyemsimamia, aliingia wakati huo akiwa na Mzabuni. Daktari alikuwa mtu mpole, shati lake limepigwa pasi mpaka kola imeanza kuchanika. Mzabuni alikuwa na tabasamu la mtu aliyezoea kufunguliwa milango. Alikwenda moja kwa moja kwenye makopo, akachungulia kopo la sufuria ya pili, akalitikisa likalia.

"Umeona, Daktari? Wote. Hata mmoja hakukataa," akasema. "Vijana wa siku hizi wanajua kitu kizuri."

Kijiko alinyanyuka, akalichukua kopo la sufuria ya tatu, akalitikisa nalo. Likalia vilevile. Mzabuni hakuelewa, akadhani ni mchezo, akacheka. Daktari alielewa. Kijiko aliuona uso wake ukibadilika, kisha ukajirudi kama mtu aliyevuta shuka juu ya kitanda ambacho hakijatandikwa. Akamwomba Mzabuni atangulie, wataonana kwenye kamati.

Walipobaki wawili, Daktari hakumkaripia. Alimweleza kwa sauti ya baba. Akamwambia Mzabuni ameahidi idara majiko mapya na jokofu, na kwamba yeye mwenyewe ameandika maombi ya majiko hayo mpaka mkono umechoka. Akamwambia kamati haina haja ya kusikia habari za sufuria ya tatu. Mtego ni mambo ya ndani ya jikoni, si mambo ya kupeleka mbele za watu. Atoe hiyo ya tatu, aseme ya kwanza na ya pili, kazi imekwisha.

"Mwalimu, nisipoisema ya tatu, ya pili haina maana," Kijiko akasema. "Ni wewe uliyetufundisha. Ulisema mwenye njaa haonji, anakula."

Daktari alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai. "Nilisema. Na nilikuwa nasema kweli. Lakini ukiisimamisha mbele ya kamati, jaribio lako limeharibika, mwanangu. Masharti hayakutimia. Watalikataa, utarudia mwaka, na ufadhili wako unaishia mwaka huu. Utarudia kwa nini? Kwa vizibo?"

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililomuuma Kijiko, kwamba mtu huyu alimpenda na alikuwa anamwonesha mlango wa kutokea, na mlango wenyewe ulikuwa wazi kabisa.

Alipotoka nje alimkuta Mrefu anamsubiri kwenye bomba. Habari ilikuwa imeshamfikia. Chuoni maneno yana miguu. Safari hii hakuwa na mzaha. Alimuuliza kama ni kweli anataka kwenda kuiambia kamati kwamba walikuwa na njaa.

"Hamkuwa nayo?"

"Hilo si swali la kumuuliza mtu." Mrefu alitazama kando. "Mimi nilikuambia nimekula. Andika nilivyokuambia. Unajua sisi tunavyoishi humu? Jioni tunatoka bwenini kwa makundi, tunazunguka uwanja, tunarudi tumebana vijiti vya meno, kila mtu ajue tumetoka kula. Ile ndiyo heshima tuliyobaki nayo. Wewe unataka kuipeleka mezani kwa watu wenye tai."

Kijiko alitaka kumwambia kwamba hata yeye huzunguka hivyo hivyo. Badala yake akamuuliza kama uji wa tatu ulikuwa mtamu. Mrefu akafungua bomba, akanywa maji kwa kiganja, akajifuta.

"Ulikuwa umeungua," akasema mwishoni. "Na chumvi ile ni ya kuhifadhia ngozi. Nilijua toka nauweka mdomoni."

"Na kizibo ukaweka wapi?"

"Ningeweka wapi, dada? Nilidhani tukiukataa hamtapika tena."

Akaondoka kwa hatua zake ndefu. Hakugeuka.

Kijiko alikwenda nyumbani kubadilisha nguo. Chumba walichopanga kilikuwa nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, na mchana huo kuta zilikuwa zikitetemeka kwa kelele. Mama mdogo alikuwa ametoka zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya wageni anakofua mashuka, miguu iko kwenye beseni la maji. Kando yake kulikuwa na sahani iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Alikuwa amerudi na kile chakula alichokwenda nacho, hakukigusa, akasema leo hakuwa na hamu. Wote wawili walijua hiyo ni hamu ya namna gani. Wakakigawa. Mama mdogo akafumba macho akamshukuru Mungu kwa maneno marefu kuliko chakula chenyewe, kama desturi yake, kisha wakala.

Kijiko akamsimulia yote, bila kuruka lolote. Mama mdogo alisikiliza huku akitazama maji ya beseni. Alipomaliza, akamuuliza swali moja tu, kama ule uji wa Mzabuni ni mbaya.

"Sijui," Kijiko akasema. "Hilo ndilo baya. Inawezekana ni mzuri, inawezekana ni pumba tupu. Hakuna aliyeuonja, mama. Tumeula tu. Na wakishaupitisha, utakatwa kwenye posho ya kila mtu, na hao hao watakuwa hawana tena hata pesa ya kununua kingine."

Mama mdogo alitoa miguu kwenye maji, akaikausha taratibu, mmoja baada ya mwingine. Mikono yake ilikuwa imechujuka kwa sabuni.

"Mimi nataka joho hilo nilione kabla sijafa," akasema. "Nimelinunulia hata sanduku. Kwa hiyo usiniulize mimi. Nikikuambia useme, nitakuwa nimekupotezea mwaka. Nikikuambia unyamaze, kesho nikipiga magoti nitamwambia nini Mola wangu? Nenda. Utakaporudi utanikuta hapa hapa, umepata au umekosa."

Akamnyooshea kola. Akamwambia, kama wazo la mwisho, asiende kuwasema wenzake. Aseme lililo lake.

Kamati ilikaa kwenye chumba chenye kapeti. Mezani kulikuwa na chupa za maji, na hewani harufu ya nyama choma iliyokuja kwenye nguo za watu, kwa kuwa Mzabuni aliwaalika wajumbe chakula cha mchana ili wafahamiane. Mwenyekiti alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole na miwani iliyofungwa kamba. Kushoto kwake aliketi karani wa kuandika kikao, kulia mlezi wa wanafunzi, ambaye alikuwa akipambana na usingizi wa shibe kwa ushujaa mkubwa. Daktari aliketi mwisho wa meza, Mzabuni karibu na dirisha.

Kijiko aliwaamkia, akaitikiwa, akaambiwa aeleze kwa kifupi. Akaeleza. Sufuria ya kwanza, waonjaji wote waliupenda uji wake. Sufuria ya pili, wote waliupenda. Mwenyekiti akatikisa kichwa kwa furaha, akamwambia karani aandike hilo. Daktari alikuwa akitazama mikono yake.

"Na sufuria ya tatu," Kijiko akasema, "wote waliupenda."

Mwenyekiti akauliza ya tatu ilikuwa ya unga gani. Kijiko akamweleza ya tatu ilikuwa ya nini, jinsi alivyoiunguza na kiasi cha chumvi alichotia, na kwamba kazi yake ilikuwa ni kukataliwa. Mlezi wa wanafunzi akaamka. Mwenyekiti akasema angependa kuuona uji huo, pengine haukuharibika vya kutosha.

"Ningeuleta, mama, lakini haukubaki. Sufuria ilikwanguliwa."

Mzabuni akakohoa, akasema kwa uchangamfu kwamba haoni tatizo. Ikiwa wanapenda hata ulioungua, basi wa kwake si wataupenda zaidi. Mjumbe mmoja akacheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. Mlezi wa wanafunzi akataka kujua hao waonjaji ni akina nani, awaite ofisini. Haiwezekani, alisema, mwanafunzi wa chuo kikuu asijue uji ulioungua. Hiyo ni aibu kwa taasisi.

"Walijua," Kijiko akasema. "Majina siwezi kuyatoa, niliwaahidi siri kabla hawajaonja. Jina moja tu ninaweza kulitoa. Mimi niliuonja kabla yao wote, na mimi ndiye niliyeusomea. Niliuona mzuri. Nilikuwa sijala tangu jana mchana. Kwa hiyo mniandike mimi. Huyo muonjaji wa kwanza alikuwa na njaa, na kama aliyesomea miaka yote hii amedanganywa na tumbo lake, basi hao wengine msiwaulize wameupenda uji gani. Waulizeni wamekula lini."

Sauti yake ilitetemeka mwanzoni, lakini kuelekea mwisho ilikuwa imekaa. Alishangaa mwenyewe. Aliogopa aibu ingemmeza pale pale kwenye kapeti, na haikummeza. Watu walioinamisha macho walikuwa wale waliokaa.

Mwenyekiti alivua miwani ikaning'inia kifuani. Alisema kwa upole, maana upole haukumwishia, kwamba wote wana huruma na hali ya maisha, lakini kikao hiki si cha hali ya maisha, ni cha jaribio la kitaaluma. Akamgeukia Daktari, akamuuliza kama jaribio lililofanyika hivyo linakubalika. Daktari akasema, kwa sauti iliyotoka kwa shida, kwamba halikubaliki. Mwenyekiti akashusha pumzi kama mtu aliyepata pa kukanyaga.

"Basi, binti yangu, jaribio lako limekataliwa. Utarudia mwaka. Suala la unga tutalipatia mtaalamu mwingine. Karani, andika. Unaweza kwenda."

Kijiko hakwenda. Miguu ilitaka kwenda. Alihisi goti moja likiuanza mwendo, akalizuia. Alimfikiria mama mdogo na lile sanduku.

"Naomba sababu, mama mwenyekiti."

"Sababu unaijua."

"Naijua. Naomba iandikwe. Kanuni ya chuo inasema jaribio likikataliwa, sababu itajwe wazi na ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, wanaofuata wajifunze. Mwaka jana la mwenzetu lilikataliwa kwa tanuri bovu, na mpaka leo lipo ubaoni, wote tunalisoma."

Mwenyekiti akamtazama mlezi wa wanafunzi. Mlezi wa wanafunzi akakubali kwa kichwa, bila raha, kwamba kanuni hiyo ipo. Mzabuni akapendekeza iandikwe tu kwamba kulikuwa na hitilafu za kitaalamu. Karani, ambaye alikuwa mtu wa kazi yake na hakuwa na upande, akauliza hitilafu gani, maana pale kwenye nafasi ya sababu hitilafu inatakiwa itajwe.

Wote wakamgeukia Daktari, kwa kuwa ndiye mtaalamu. Daktari alipapasa kola yake iliyochanika, akaiachia. Kisha akainua macho, si kwa mwenyekiti, bali kwa mwanafunzi wake.

"Masharti yanataka waonjaji wawe wamekula," akasema. "Hawakuwa wamekula. Sina hitilafu nyingine ya kutaja. Sufuria zilikuwa safi, utaratibu ulikuwa safi. Kazi ya binti huyu sina pa kuishika."

"Daktari," Mzabuni akasema, akitabasamu kwa midomo tu.

"Nimeulizwa, nimejibu."

Mwenyekiti alivaa miwani, akaivua. Akasema pengine kikao kiahirishwe. Mjumbe wa pembeni akanong'ona kwamba kikiahirishwa, hilo nalo linabandikwa. Pengine basi jaribio lisikataliwe, akasema mwingine, lipokelewe kimya kimya. Karani akauliza likipokelewa, lipokelewe pamoja na sufuria ya tatu au bila. Nje ya dirisha wanafunzi walikuwa wanapita kwenda vipindi vya jioni, na vicheko vyao viliingia mle ndani vikazunguka meza.

Karani alikuwa ameshaanza sentensi. Kutoka alipokuwa amesimama, Kijiko aliweza kuusoma mwandiko wake mkubwa wa shule: jaribio limekataliwa kwa sababu waonjaji. Kalamu ilikuwa imesimama hapo, wino unaanza kutengeneza doa.

"Niendelee, mwenyekiti?" karani akauliza.

Mwenyekiti akamwambia Kijiko atoke kwanza, asubiri nje, ataitwa. Kijiko akaitikia kwa heshima zote alizofundishwa nyumbani. Kisha akavuta kiti ambacho hakuna aliyemkaribisha, akaketi, akapanga mikono mapajani, na kusema kwamba hana haraka, atasubiri hapa hapa mpaka sentensi iishe.